Ndama Aliyezaliwa na Meno

Mimi ni kigego. Nalisema mwanzo kabisa ili asije mtu akanisemea pembeni, maana nimesemewa pembeni tangu sina akili. Kigego, kwa asiyejua, ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, au aliyetoka tumboni mwa mama yake tayari ana jino. Kwa wazee wetu wa pwani mtoto wa namna hiyo ni nuksi. Zamani alikuwa hakai nyumbani. Alitolewa, akapelekwa mbali, au pengine kuliko mbali, na mama yake akaambiwa asilie. Mimi nilibahatika, nilitolewa kwa bibi tu. Bibi mzaa baba alikuwa akikaa Baleni, ana shamba lake la minazi na mihogo, akasema leteni huyo mtoto, mimi nimeshazeeka, nuksi itanifanya nini tena? Nikalelewa huko. Bibi aliishi mpaka akachoka kuishi, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba labda mimi ndiye niliyemwongezea umri. Angekufa mapema, weee, ungesikia.

Mume wangu ni mtu wa kisiwa cha Jibondo. Siku aliponiposa nilimwambia mwenyewe kwamba mimi ni kigego, asije akaambiwa na watu baadaye akaona amepunjwa. Akacheka. Akasema, "Mimi naoa mke, sioi fizi." Mama yake alikuwepo, na yeye hakucheka. Alinipokea kwa heshima zote, akanifunza mapishi yao, lakini kila kilichoharibika katika nyumba ile kilikuja kutua miguuni kwangu. Mtungi umepasuka, ananitazama mimi. Kuku wamekufa kwa kideri, ananitazama mimi. Hakuwa anasema kitu, jicho tu, na jicho la mama mkwe utalijibu nini?

Halafu ikaja hifadhi ya bahari, na juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, likakatazwa. Mume wangu alikuwa mtu wa juya, yeye na kaka zake, na baba yao kabla yao. Sisemi hifadhi ilikosea, wala sisemi ilipatia. Samaki wamerudi, hilo naliona kwa macho yangu, lakini mtu hali leo samaki atakayerudi mwakani. Kaka zake waliingia kwenye mshipi na madema. Yeye akawaachia sehemu yake ya chombo, na kwa kile alichopata akachukua ng'ombe jike mwenye mimba kwa mzee mmoja wa Baleni, jirani wa shamba alilonirithisha bibi. Tukahamia huko, kwenye nyumba ya bibi, mimi, yeye na mama yake. Mama mkwe alikuwa amezaliwa na kuzeeka kwenye kisiwa ambacho maji ya kunywa yanaletwa kwa mashua. Alikuwa anaosha sahani kwa maji ambayo mimi hayanitoshi kunawa uso. Alipoona kisima cha bibi alikaa pembeni yake akakitazama kama mtu anayetazama mali ya watu.

Kuhusu ng'ombe, hatukuwa tunajua kitu. Hilo lieleweke, maana ndilo lililotuponza. Watu wa Jibondo wanajua mbao, misumari, matanga na samaki. Na mimi, ingawa nimekulia Baleni, bibi alikuwa na kuku na mihogo yake, na ng'ombe wa jirani nilikuwa nawaona mkia tu wakienda zao chini ya minazi. Nani angefungua mdomo wa ng'ombe wa watu aangalie ndani, na kwa haja gani?

Nami nilikuwa na mimba. Ilikuwa ya kwanza kufika mbali kiasi kile, na nilikuwa nikiibeba kama mtu aliyebeba ungo wa mayai. Kila mtu alijua. Mama mkwe alinikataza hili na lile: usikae mlangoni, usile pweza, usitazame kitu kibaya ukakishangaa, mtoto atakifuata. Niliitika. Nilikuwa nataka mtoto kuliko nilivyotaka kubishana.

Ng'ombe alizaa asubuhi, jua limeshapanda kidogo. Alizaa vizuri, hakusumbua. Mume wangu akamvuta ndama kwenye majani makavu, akaanza kumfuta ute puani na mdomoni kwa kipande cha kanga, huku sisi wanawake tumesimama nyuma tukimshukuru Mungu. Jike! Ndama jike, rangi ya kahawia, kwato safi. Mume wangu akamtia kidole mdomoni amtoe ute uliobaki. Akakitoa kwa haraka utadhani ameumwa na samaki mkunga.

"Ana meno!"

"Nani?" nikauliza.

"Huyu. Ana meno, yamepangana mbele hapo chini. Amezaliwa nayo!"

"Lahaula!" akasema mama mkwe, akarudi nyuma. Mimi nikarudi nyuma. Mume wangu akainuka naye akarudi nyuma. Watu watatu wazima tukamkimbia kitoto cha ng'ombe ambacho hata kusimama hakijaweza. Nikikumbuka nacheka, lakini siku ile hapakuwa na cha kuchekesha, kwa sababu mama mkwe aligeuka akanitazama. Si mimi, tumbo langu.

Na kweli yule ndama alikuwa na kasoro, ila hatukuiona kwanza kwa kuhangaika na meno. Alipoinua kichwa ndipo tukaona. Hakuwa na kidevu. Mdomo wa juu umekwenda mbele kama kawaida, wa chini umeishia njiani, na ulimi umetoka pembeni kwa kukosa pa kukaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Amezaliwa na meno na Mungu amemtia alama juu yake," mama mkwe akasema. "Kigego wa kuandikwa." Halafu akasema maneno ambayo nilikuwa nayasubiri tangu siku niliyoolewa. "Nyumba moja haibebi wawili. Na wa tatu yumo tumboni, Mungu ndiye ajuaye atakuja vipi."

Basi. Lilikuwa limetoka. Nikashika tumbo langu kwa mikono miwili, na wakati uleule nikajua kitu kimoja, wala sikuhitaji mtu kunifafanulia. Wakimtoa ndama huyu kwa ajili ya meno, wameshajifunza njia. Siku mwanangu atakapoanza kuota meno watamfungua mdomo kwa kidole kilekile.

Mama mkwe alitaka ndama atolewe siku ileile. Mume wangu akasema hawezi kumchinja, maana kwao mtu mwenye mke mjamzito hachinji, na mama yake ndiye aliyemfunza hivyo. Mama akakwama kwenye mila yake mwenyewe. Nilikaribia kucheka. Wakakubaliana kumwita mjomba, ndugu yake mama mkwe, aje kutoka Jibondo Ijumaa baada ya sala amchukue ndama akamalizane naye huko mbali. Mimi sikuulizwa. Nikaambiwa tu nisiende zizini, nisimtazame yule mnyama, mimba isije ikaiga.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nikaenda zizini.

Thubutu! Nisiende? Ng'ombe wa kwanza wa maisha yangu ananguruma kiwele kimejaa, mwanawe ana njaa, na mimi nikae barazani nikichambua mchele? Nilimkuta ndama amesimama, miguu inamtetemeka, anasukuma kichwa kwenye kiwele. Chuchu anaipata, anaiweka mdomoni, inateleza. Anaipata tena, inateleza tena. Taya la chini halifiki mahali pa kuibana. Mate yanamtoka, mama yake anamlamba mgongo, na yeye hachoki kujaribu. Nilimpenda hapo hapo. Nilimwambia, "Endelea, mwanangu. Hata mimi nilikuwa sitakiwi."

Nikakama dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, kwenye kifuu. Ng'ombe wetu hawa wa kienyeji hawashushi maziwa mpaka ndama awepo pembeni, lakini huyu aliyashusha kwa kumnusa tu yule kidevu kifupi. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema wenyewe watu, kisha wanasahau wanachosema. Nikachovya vidole viwili, nikamtia ndama mdomoni, akavishika. Alivinyonya kwa nguvu mpaka nikahisi yale meno yake madogo, na nikasema kama hii ndiyo nuksi basi nuksi ina njaa tu kama sisi wengine. Tulimaliza kifuu chote hivyo, tone kwa tone, na nilipotoka zizini kanga yangu yote ni maziwa na mate.

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya boma. Alikuwa ananiona muda wote.

"Utamwambia mama?" nikamuuliza.

"Nitamwambia nini?" akasema. "Mimi sijaona kitu." Akaenda zake kufua nazi. Sikumshukuru. Mwanamume aliyesema haoi fizi, nilitaka aseme zaidi ya hapo.

Siku ya pili daktari wa mifugo alipita Baleni na pikipiki yake kuchanja mbuzi. Alikuwa mama mmoja wa bara, Mkristo, mrefu, ana msalaba shingoni na mabuti ya mpira, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maringo. Nilimkimbilia njiani tumbo mbele. Alipofika nyumbani alimpa mama mkwe shikamoo, akajibiwa marahaba bila kutazamwa, halafu akaingia zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akamshika ndama kichwa na kumtia kidole mdomoni, juu, mpaka ndani kabisa.

"Kaakaa limefunga," akasema. "Hiyo ni bahati yako. Lingekuwa na ufa maziwa yangemtokea puani, na hapo ningekwambia usimtese. Huyu ana taya fupi tu. Huzaliwa hivyo baadhi yao."

"Kwa nini?"

"Pengine ni damu ya dume. Pengine ni kitu alichokula mama yake akiwa na mimba. Mara nyingi hatujui, dada. Akikua taya linaweza kujivuta kidogo, au lisijivute. Majani mafupi hataweza kuyakata, utamkatia wewe kila siku. Na asipandishwe, asije akarithisha. Kusema kweli ni kazi kubwa. Ukiamua kumchinja hakuna atakayekulaumu."

"Na meno?"

"Meno yana nini?"

"Amezaliwa nayo."

Yule mama akanitazama kama mtu anayeangalia kama naumwa. "Ndama wote wanazaliwa na meno," akasema. "Wote. Ya mbele ya chini. Ya juu mbele ng'ombe hana, wala hapati maisha yake yote. Hamjui?"

Hatujui! Tungejulia wapi, kwenye mwamba wa Jibondo? Nilikaa chini pale pale kwenye samadi. Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua. Kumbe kitu tulichokikimbia ndicho kitu pekee katika mdomo ule kilichokuwa sawasawa.

Nikaenda kumweleza mama mkwe, pumzi juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua dagaa. Akasema, "Huyo katoka bara. Atajua nini yaliyo yetu?"

"Si yetu, mama. Ni ya ng'ombe."

"Ijumaa mjomba wako anakuja," akasema, na mazungumzo yakafungwa.

Nikamwambia mume wangu. Yeye akasema mama ni mama, tusubiri. Subira yavuta heri, nikamjibu, lakini ya kwako wewe inavuta kamba ya mjomba. Nilikasirika siku hizo zote, nakiri, hata chumvi nilikuwa naitia kwa hasira. Lakini kila nilipokwenda zizini ndama alikuwa ananijua. Alikuwa akinisikia tu anaanza kunyonya hewa. Nilinunua chupa ya mtoto yenye chuchu ya mpira, nikaitoboa tundu zaidi, akaipata vizuri kuliko vidole, kichwa chake nimekiinamisha kidogo kama nilivyofundishwa na daktari, asipaliwe. Mama mkwe alipoiona ile chupa akapiga makofi. "Mwanao hajazaliwa, unamnunulia ndama chupa!" Nikamwambia mwanangu ana maziwa yake, huyu hana mdomo wake.

Ijumaa mjomba akaja, kanzu ya sala bado mwilini, kamba begani. Alikuwa mtu mpole, fundi wa mashua, mikono yake minene. Hakupenda kazi ile, lakini dada yake alikuwa amemwita. Alikula, akanawa, akauliza, "Yuko wapi?"

Nikasimama mlango wa zizi. "Mjomba, shikamoo tena," nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko heshima inavyoruhusu. "Kabla hujamfunga, nifuate nyumba ya jirani. Mama naye aje. Mume wangu naye aje. Sitasema kitu. Mtaangalia tu. Mkirudi bado mnamtaka, kamba nitaishika mimi mwenyewe."

"Mkaza mwana anatuamrisha?" mama mkwe akamwuliza kaka yake.

"Anaomba," mjomba akasema. "Twende, ni hapo tu."

Jirani ndiye yule mzee aliyetuuzia ng'ombe. Alikuwa zizini kwake, na ng'ombe wake mwingine alikuwa amezaa siku chache tu kabla ya wetu. Nikamsalimia, nikamwomba tumwangalie ndama wake mdomo. Akauliza kwa nini. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuficha neno kwa watu wasio ndugu, akamwambia kwamba ng'ombe aliyetuuzia amezaa kigego mwenye meno.

Ebo! Mzee akawaka. "Mnanisingizia mimi nimewapa nuksi? Mimi?" Akamkamata ndama wake, dume zuri, kidevu kamili, akambana shingo kwapani na kumfunua mdomo kwa vidole gumba. "Haya tazameni! Njooni karibu, mama, usiogope. Hayo nini hayo? Ndama gani aliwahi kuzaliwa kibogoyo?"

Meno. Meupe, mbele, chini, yamepangana kama ya wetu. Mjomba akainama akayahesabu kimoyomoyo. Mzee hakutosheka. Akamwachia yule, akaenda kwa ng'ombe mkubwa, akamshika pua, akamwinua mdomo wa juu. Ufizi mtupu, mgumu, hauna jino la mbele hata moja. "Na huyu ana umri wa kuzaa wajukuu. Mnaona jino juu hapa? Halijaota na halitaota. Ng'ombe hata akitaka kuwa kigego hawezi!"

Mume wangu akaangua kicheko. Mjomba akajikaza, kisha naye kikamtoka. Hata yule mzee akacheka katika hasira zake. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa bado amemtazama ng'ombe mdomoni, na uso wake ulikuwa umebadilika, si kwa hasira.

"Meno sawa," akasema taratibu. "Na taya?"

Hapo ndipo nilipovunja ahadi ya kunyamaza. "Taya limepungua," nikasema. "Mama, hilo silikatai. Limepungua, na mimi nitalijazia kwa mikono yangu. Kila siku nitamkatia majani, nitamlisha, akishindwa atakufa mikononi mwangu, si kwa kamba. Lakini meno msiniambie tena. Mmeona wenyewe mlikuwa mnataka kumuua mnyama kwa sababu yuko kama wenzake." Nikashika tumbo langu mbele ya wanaume wale bila aibu. "Na huyu? Akija na jino la juu, mtamwita nani na kamba? Niambieni leo, mbele ya jirani, nijue. Maana yeye hana ndama mwenzake wa kumfunulia mdomo, ana mimi tu, na mimi sitasogea mlangoni. Wallahi sitasogea."

Ng'ombe alikuwa anacheua. Mume wangu alikuja akasimama pembeni yangu, bega kwa bega, mbele ya mama yake, na hilo ndilo neno nililokuwa nikilisubiri, ingawa hakutamka kitu. Mjomba akaishusha kamba begani, akaikunja vizuri kama fundi anavyokunja kamba yake, akaitia mfukoni mwa kanzu. Akasema atawahi mashua kabla maji hayajatoka.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Taya halikunyooka, mbona mambo yanyooke? Kazi ilikuwa vilevile alivyosema daktari. Asubuhi chupa, jioni chupa, na kufuta shingo mate yasimtie vidonda. Alipoanza kutaka majani nilimkatia kwa panga vipande vidogo, nikamwekea kwenye beseni, kwa sababu chini hakuweza kuyakata. Mimba imefika kooni, mgongo unaniuma, na bado nakatakata majani kama mchicha. Majirani wengine walikuja kumwangalia wakicheka, nikawaambia waliolipia waingie na wengine waende.

Siku moja nakuna nazi, mama mkwe akaja akakaa kwenye kigoda cha pili. Nilikamua tui, nikataka kuwamwagia kuku machicha. Akanishika mkono.

"Mpe yeye," akasema. "Ni laini. Atayaweza."

Alisema kweli. Ndama aliyala machicha kama mtu aliyeonja sikukuu. Kuanzia siku ile nazi ikikunwa nyumbani mwetu machicha yalikuwa yake, na aliyempelekea alikuwa mama mkwe, na kuku wakaambiwa wajitafutie. Siku nyingine, tumekaa hivyohivyo, akasema bila kunitazama, "Wa kwangu wa kwanza alikuwa wa kiume."

Nikaacha kukuna.

"Yalitoka mawili ya juu," akasema. "Wakamchukua, wakampeleka kwa watu ng'ambo, Rufiji. Wakasema atalelewa. Nikaambiwa nisilie, sikulia. Baadaye wakasema alishikwa na homa." Akataja jina lake. Mimi silitaji hapa, si langu. Akachukua sahani ya machicha akaenda zizini.

Nilimwonea huruma, hata nazi nikaishindwa. Lakini nitasema kweli, hasira yangu haikuisha. Iliongezeka. Mwanamke aliyenyang'anywa mwanawe kwa ajili ya meno mawili, na miaka yote ile ananitazama mimi kwa jicho lile! Nikajiuliza ni nani aliyemfunza kwamba ilikuwa haki, mpaka akaibeba mwenyewe na kutaka kuipitisha kwangu. Sikupata wa kumkamata. Hilo ndilo linaloudhi kwa mila, ukitaka kuipiga huoni uso.

Mwanangu alizaliwa wa kike, salama, kidevu chake kizuri, fizi tupu. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kuuliza kitu kingine, niliweka kidole mdomoni mwake. Nilichukia kidole changu mwenyewe. Mkunga akacheka akasema unatafuta nini humo?

Ndama alikuwa ameshakuwa mtamba mdogo, mzito, manyoya yanang'aa kwa machicha. Taya lilijivuta kidogo, si sana. Ulimi ulibaki kuchungulia pembeni. Daktari alipopita alimtazama, akapiga mluzi, akasema huyu angekuwa na kidevu angeniajiri. Hatukumpandisha, kama alivyotuambia. Mama yake aliendelea kushusha maziwa kwa sababu mwanawe alikuwepo wa kunuswa, na maziwa yale ndiyo niliyonyweshwa uzazi mzima.

Mtoto alipofika umri wa kuota meno nikaacha kulala vizuri. Akianza kulia nachungulia. Akitoka mate nachungulia. Kila asubuhi nilikuwa napanga maneno: nitasema hivi, nitasimama hapa, nitamshika hivi, atakayemgusa nitampiga kwa mbuzi ya nazi. Mume wangu aliniambia nimekuwa mkali kama mbwa wa mwani. Sijui mbwa wa mwani ni nini. Labda hata yeye hajui.

Jioni moja, kabla ya Magharibi, nakata majani ya mtamba karibu na zizi, mama mkwe kakaa kwenye mkeka na mjukuu wake mapajani, anampaka asali fizini kwa kidole apoe. Anamwimbia. Mara wimbo ukakatika. Niligeuka. Kidole chake kilikuwa mdomoni mwa mtoto, na kilikuwa juu. Juu, si chini. Kimesimama hapo hapo, hakiendi mbele wala hakirudi.

Panga nilikuwa nalo mkononi. Nililiweka chini taratibu, nikaja nikasimama mbele yake. Maneno yangu yote niliyoyapanga asubuhi zile zote yalikuwa yamejaa mdomoni. Nilimtazama machoni. Alikuwa analia, yule aliyeambiwa asilie.

"Limeota?" nikauliza.

"Limeota."

"Limeota wapi, mama?"

Akatoa kidole, akakifuta kwenye kanga yake. Akamvuta mtoto kifuani, akamfunika vizuri, akaniinulia uso kwa hasira hasa, hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, na kwa mara ya kwanza haikuwa juu yangu.

"Limeota mdomoni," akasema. "Ulitaka liote wapi?"